Kinyama cha titi kisitoke maabara bila majibu ya protini tatu: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Nakala: Mganga Mkuu wa Serikali, Mkurugenzi Mkuu wa Bohari ya Dawa, uongozi wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, Waganga Wakuu wa Mikoa.

YAH: KIPIMO CHA PROTINI TATU KWA KILA MGONJWA WA SARATANI YA TITI

Mheshimiwa Waziri,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninafanya kazi katika maabara ya patholojia ya hospitali ya umma. Wagonjwa hawanijui, nami siwajui kwa sura. Ninawajua kwa namba iliyoandikwa kwa penseli ubavuni mwa bloku ya nta ambamo kinyama chao kimehifadhiwa. Siandiki kuishitaki hospitali yangu, ndiyo maana siitaji. Mwenzangu wa kanda nyingine akisoma haya atadhani nimeyaandika nikiwa nimeketi mezani kwake.

Ombi langu ni hili. Mwanamke akichukuliwa kinyama cha titi katika hospitali ya umma, na kikathibitika kuwa ni saratani, maabara iendelee palepale kupima protini tatu kwenye kinyama hichohicho, kwa gharama ya kitita cha bima au ya msamaha, bila kumrudisha dirishani kuomba namba nyingine ya malipo. Leo haiko hivyo. Leo anakabidhiwa bahasha ya kaki yenye jina la ugonjwa na daraja lake, na chini kabisa mstari mmoja: inashauriwa kufanya kipimo cha vipokezi. Mstari huo hatuuandiki upya, uko tayari kwenye kompyuta, tunaubandika tu. Mgonjwa anaposomewa anauliza ni shilingi ngapi. Akishatajiwa, wengi wanasema watarudi mwisho wa mwezi, na bloku zao ninazo kabatini.

Kwa wasomaji ambao si watu wa hospitali, nieleze kidogo. Protini mbili kati ya hizo ni vipokezi vya homoni: kipokezi cha estrojeni, ambacho kwenye majibu huandikwa ER, na cha projesteroni, PR. Hukaa ndani ya kiini cha seli na kunasa homoni za kike zinazokuja na damu. Saratani yenye vipokezi hivyo hulishwa na homoni za mgonjwa mwenyewe. Ya tatu, HER2, hukaa kwenye ukuta wa nje wa seli, na ikizidi kiasi huiamrisha seli igawanyike bila kupumzika. Kwa rangi ya kawaida ya maabara, ile ya zambarau na pinki, hakuna hata moja kati ya hizo inayoonekana. Saratani mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya hadubini, moja ikawa ya kushikwa na kidonge cha kila siku na nyingine kidonge hicho kisiifanye lolote. Ili kuziona inabidi tukate kipande chembamba cha mikroni nne, tukichemshe kwenye maji maalumu ili protini zifunguke, tukimwagie kingamwili inayoitambua protini moja tu, kisha rangi ya kahawia ijitokeze pale ilipo. Kazi hiyo inaitwa imunohistokemia. Viini vikigeuka kahawia, ER ipo. Ukuta wa seli ukizungukwa na kahawia nzito, HER2 imezidi.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1896 George Beatson, daktari wa upasuaji wa Glasgow, aliandika kwamba saratani ya titi iliyokwisha sambaa ilinywea baada ya mgonjwa kutolewa ovari. Sababu hakuijua. Ilijulikana baadaye sana, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, Elwood Jensen wa Chicago alipoonyesha kuwa estrojeni hunaswa na kipokezi ndani ya tishu. Tamoksifeni, dawa inayokalia kipokezi hicho ili homoni ikose pa kukaa, ilianza kutumika Uingereza katika miaka ya 1970. Uchambuzi uliounganisha majaribio mengi na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wenye ER chanya wakiimeza kwa miaka mitano, hatari yao ya kufa kwa saratani hiyo katika miaka 15 inapungua kwa karibu theluthi moja. Wasio na ER hawakupata faida yoyote ya kuonekana.

Mheshimiwa, hapo ndipo moyo wangu unapouma. Tamoksifeni si dawa ya kifahari. Haki ya kiwanda kimoja kuitengeneza peke yake ilikwisha zamani, viwanda vingi vinaitengeneza, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi, haihitaji jokofu wala dripu wala kitanda. Mwanamke anaimezea nyumbani kwake Sengerema au Namtumbo. Lakini kipimo kinachosema imeze au usiimeze mara nyingi kinamgharimu kuliko vidonge vyenyewe vya miezi kadhaa. Tumeweka kufuli ya bei kubwa kwenye mlango wa dawa ya bei ndogo.

Madaktari nao wanabaki kukisia. Wapo wanaompa tamoksifeni kila mgonjwa kwa hesabu kwamba walio wengi wana ER, na siwalaumu. Bila majibu, huo ndio uamuzi wenye busara kuliko mwingine. Ila nusu ya busara hiyo ni bahati. Asiye na ER atameza dawa kwa miaka mitano akidhani analindwa, huku akibeba hatari yake ya damu kuganda kwenye mishipa na, kwa aliyekoma hedhi, ya saratani ya mji wa mimba. Wapo pia madaktari wanaosubiri majibu ambayo hayaji. Huyo wa pili ndiye mbaya zaidi kwangu, kwa kuwa wakati anasubiri, uvimbe hausubiri.

Majibu ya protini hizi hayachagui dawa peke yake, yanaeleza pia ugonjwa utaelekea wapi. Saratani isiyo na hata moja kati ya hizo tatu, ile inayoitwa hasi-tatu, ikirudi hurudi mapema, mara nyingi ndani ya miaka mitatu au minne ya kwanza. Mgonjwa huyo anatakiwa kuanza kemo haraka na kuonwa mara kwa mara katika kipindi hicho. Yenye ER ina tabia nyingine: inatulia, watu wanasahau, halafu inaweza kurudi mwaka wa 10 au hata wa 20. Wa kwanza anahitaji kliniki ya karibu karibu, wa pili anahitaji uhakika kwamba vidonge havitakatika kwenye zahanati kwa miaka mitano. Mnapangaje bajeti ya wawili hao kama hamjui yupi ni yupi?

Sasa niingie maabara kwenyewe, kwa sababu hata fedha zikipatikana kesho asubuhi, kuna kasoro nyingine isiyotibika kwa fedha nyingi.

Ijumaa mchana inaletwa ndoo ya plastiki yenye kifuniko kilichofungwa kwa plasta ya hospitali. Ndani kuna titi zima, limetolewa kwa upasuaji wilayani, limezamishwa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, isiyofika hata nusu yake. Fomu imeandikwa tarehe, saa haipo. Fomalini imechanganywa na maji ya bomba kwa makisio. Ukiifungua harufu inakueleza kama ni kali mno au ni maji matupu. Titi halikupasuliwa. Dawa hiyo hupenya nyama polepole, kama milimita moja kwa saa, na mafuta ya titi yanaichelewesha zaidi, kwa hiyo ninapolikata hilo titi naliona kama mshikaki wa moto mkali: nje pameiva, katikati pabichi. Na uvimbe upo katikati.

Katika ule ubichi, protini zinaanza kuoza tangu damu ilipokatika. ER ni miongoni mwa zinazoumia. Nikifanya kipimo kwenye nyama hiyo, rangi ya kahawia haitajitokeza, na majibu yatasomeka "ER hasi" kwa mwanamke ambaye ER anayo. Atanyimwa kidonge. Hakuna atakayejua, maana majibu yetu yana muhuri na sahihi, na muhuri hausemi kama nyama ilioza njiani.

Miongozo ya kimataifa iko wazi na haihitaji mashine. Kinyama kiingie kwenye fomalini ndani ya saa moja tangu kitoke mwilini. Fomalini iwe ya asilimia 10 iliyowekewa bafa (kemikali ya kuizuia isigeuke asidi), na ujazo wake uwe angalau mara kumi ya kinyama. Titi zima lipasuliwe vipande vya unene wa sentimita moja au chini ya hapo ili dawa ipenye. Likae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya 72. Saa ya kukata na saa ya kutumbukiza ziandikwe kwenye fomu. Muuguzi wa chumba cha upasuaji akifundishwa asubuhi, jioni anafanya.

Kuna utafiti uliounganisha tafiti nyingi za bara letu, ukachapishwa mwaka 2014. Ulikuta kwamba tafiti zilizotumia bloku za zamani kutoka kwenye makabati zilipata ER chanya kwa kiwango cha chini, tofauti ya kama asilimia kumi, kuliko zile zilizokusanya vinyama vipya kwa utaratibu. Kwa miaka mingi tumeambiwa kuwa saratani ya titi ya mwanamke wa Kiafrika kwa kawaida haina ER. Ni kweli kwamba hasi-tatu ni nyingi zaidi kwetu, hasa Afrika Magharibi, na wala si jambo la kupuuza. Lakini sehemu ya "hasi" zile ilikuwa ndoo. Kwenye tafiti zilizotunza vinyama vizuri, zaidi ya nusu ya wagonjwa wa kusini mwa Sahara walikuwa na ER.

Ipo njia ya kuikamata "hasi" hiyo ya uongo, nasi wa maabara tunaijua. Pembeni mwa saratani mara nyingi kuna vimirija vya maziwa vya kawaida, na baadhi ya seli za vimirija hivyo lazima zishike rangi ya ER. Zisiposhika, kosa ni la nyama au la kipimo, na jibu sahihi ni "haikupimika", siyo "hasi". Naomba Wizara iagize kwamba kila majibu ya ER hasi yaseme vimirija hivyo vilionekanaje. Ni sentensi moja tu ya kuongeza kwenye fomu. Itatuaibisha kidogo mwanzoni, maana itaonyesha vinyama vingapi vinafika vimeharibika na vinatoka wapi, na hapo Mganga Mkuu wa Mkoa atajua aanzie wapi kufundisha.

Kwa upande wa Bohari ya Dawa, ninachoomba hakina umaarufu wa kukatiwa utepe: fomalini iliyokwisha changanywa na kuwekewa bafa, ndani ya makopo yenye mdomo mpana, ya saizi mbili, ipelekwe kila hospitali inayofanya upasuaji, na iwe kwenye orodha ya vitu visivyoruhusiwa kuisha. Nimeshapokea kinyama ndani ya chupa ya maji ya kunywa, mdomo mdogo, ikabidi niikate chupa kwa mkasi ili kitoke. Aliyekiweka alikuwa na nia njema na hakuwa na kopo.

Kuhusu mashine za imunohistokemia, nawasihi msinunue kwa kila hospitali ya mkoa. Najua mbunge yeyote angependa ya kwake. Kingamwili zinatunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, zina tarehe ya mwisho, na chupa moja inatosha slaidi nyingi, yaani vile vioo vya kuwekea vipande vya kinyama. Maabara inayopata wagonjwa wachache kwa mwezi itamwaga nusu ya chupa, au itawasubirisha wagonjwa mpaka watimie idadi ndipo iwashe mashine. Yote mawili nimeyaona. Tena mashine nyingi zinakubali vitendanishi (kemikali za kipimo) vya mtengenezaji wake tu, kwa hiyo mkataba wa kuwekewa mashine bure unaweza kuwa ghali kuliko kuinunua, kama aliyesaini hakutazama bei ya vitendanishi kwa miaka mitano mbele. Umeme nao ukikatika kati ya hatua ya kingamwili na hatua ya rangi, slaidi zote za siku hiyo ni za kutupa.

Kinyama kikishahifadhiwa vizuri na kuwekwa ndani ya nta, hakina haraka tena. Bloku ya nta ni kitu kidogo, inaenea kwenye kiganja, haihitaji barafu, inasafiri kwa basi usiku kucha ikafika salama. Kwa hiyo fomalini na nta ziwe mikoani, imunohistokemia iwe kwenye vituo vichache vyenye wagonjwa wengi: Dar es Salaam, Mwanza, Moshi, Mbeya, Dodoma. Huko tayari kuna hospitali kubwa na watu wa fani hii. Vituo hivyo vilazimike kujiunga na mpango wa nje wa kupima ubora, ambapo maabara inaletewa slaidi zilezile wanazoletewa wenzao wa nchi nyingine na kupewa alama. Kituo kinachofeli mara kwa mara kisimamishwe kwa muda na bloku ziende kwa jirani. Maabara isiyopimwa ni hatari kuliko maabara isiyokuwepo, kwa sababu asiye na majibu angalau anajua kuwa hana.

Mfano wa karibu upo. Butaro, hospitali ya saratani iliyofunguliwa mwaka 2012 milimani kaskazini mwa Rwanda, miaka yake ya mwanzo ilikuwa ikisafirisha vinyama hadi Boston vikasomwe. Baadaye kazi hiyo ikafanywa palepale wilayani Burera. Walianza na utaratibu wa kinyama, mashine ikafuata.

Kuna jambo la kuangaliwa na wataalamu wa Wizara: zile mashine za GeneXpert tunazotumia kwa kifua kikuu, ambazo nchi imezisambaza mpaka wilayani. Kimetengenezwa kichupa chake cha saratani ya titi. Hakipimi protini yenyewe, kinapima ujumbe wa kijeni unaoagiza protini itengenezwe, na majibu hutoka ndani ya saa chache. Kimefanyiwa tafiti katika nchi kadhaa na kwa ER kimekubaliana vizuri na imunohistokemia. Sisemi kinunuliwe kesho. Nasema kipimwe hapa nchini, kwa bloku zetu na fomalini yetu, kabla hatujaingia mkataba mkubwa na yeyote.

HER2 ina hesabu zake. Kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya titi, kama 15 hadi 20 wanayo kwa wingi. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake walionyesha kuwa wenye HER2 nyingi walikuwa na hali mbaya kuliko wengine. Mwaka 1998 Marekani ikaidhinisha trastuzumabu, dawa inayoishika protini hiyo kutoka nje ya seli, na ugonjwa uliokuwa unatisha ukageuka kuwa mojawapo ya aina zinazotibika vizuri. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na Desemba 2019 likathibitisha ubora wa nakala yake ya kwanza iliyotengenezwa na kiwanda kingine, jambo lililofungua njia ya bei kushuka. Bado ni ghali. Matibabu kamili ni dripu kila baada ya wiki tatu kwa mwaka mzima.

Majaribio ya Uingereza yaliyochapishwa mwaka 2019, yenye wanawake zaidi ya 4,000, yalionyesha kuwa miezi sita haikuwa na upungufu wa maana ikilinganishwa na mwaka mzima. Wafaransa walipofanya ya kwao hawakuweza kuthibitisha hivyo. Huo ni mjadala wa madaktari bingwa, mimi ni mtu wa slaidi. Lakini nchi yenye bajeti kama yetu inapaswa kuwa na mjadala huo hadharani na kuamua, kwa kuwa kama fedha iliyopo inatosha dripu za wagonjwa 50 kwa mwaka mzima, inatosha wagonjwa 100 kwa nusu mwaka. Kwa sasa anayeamua ni mfuko wa mgonjwa: anaanza, zinakatika dripu ya nne, anaacha.

Na dawa hiyo isinunuliwe kwa makisio. HER2 husomwa kwa alama: sifuri, moja, mbili, tatu. Tatu ni chanya, sifuri na moja ni hasi, mbili ni shaka, na shaka hiyo inatatuliwa kwa kipimo kingine kinachohesabu nakala za jeni kwa taa ya rangi. Hospitali ambazo hazina njia ya kufika kwenye kipimo hicho humwacha mgonjwa wa alama mbili ananing'inia. Wengine hupewa dawa wasiyoihitaji, dawa ambayo inaweza kuudhoofisha moyo. Wengine huikosa ilhali inawahusu. Vituo viwili tu nchini vikiweza kutatua alama mbili za nchi nzima, panatosha kuanzia. Alama moja nayo sasa ina dawa zake huko kwa wenzetu tangu mwaka 2022, lakini hiyo si foleni yetu kwa leo.

Ki-67, protini inayoonyesha seli ngapi ziko katika kugawanyika, nitaipita haraka. Ina maana yake ikiwa chini sana au juu sana. Katikati hapo wasomaji wawili wa slaidi moja wanaweza kutoa asilimia mbili tofauti. Kama fedha ni chache, anzeni na zile tatu.

Lakini kuna protini nyingine ambayo siwezi kuinyamazia. Kila Oktoba, mwezi wa kampeni za saratani ya titi, maabara binafsi zinatangaza vifurushi vya "kipimo cha damu cha saratani ya titi". Ndani yake huwa kuna CA 15-3. Hiyo ni protini inayoelea kwenye damu, inasaidia kufuatilia baadhi ya wagonjwa ambao ugonjwa wao umekwisha sambaa. Haifai kugundua saratani changa. Wengi wenye uvimbe mdogo unaotibika wana CA 15-3 ya kawaida kabisa, na wengine wasio na saratani yoyote inapanda kwa sababu ya ini. Mama anayepapasa uvimbe, akalipia kifurushi, akaambiwa damu safi, atakaa nyumbani mwaka mzima. Wizara inao uwezo wa kukataza tangazo hilo kwa waraka wa ukurasa mmoja. Uvimbe kwenye titi unaulizwa kwa mkono, kwa altrasaundi au mamogramu, na kwa sindano ya kuchukua kinyama.

Na hizo kambi za Oktoba zenyewe, nazipenda. Fulana za pinki, mahema, akina mama wanapangwa foleni wanapimwa bure. Tatizo ni Novemba. Aliyekutwa na uvimbe anapewa rufaa, na kuanzia hapo kila hatua ina bei. Lengo la Shirika la Afya Duniani, lililotangazwa mwaka 2021 na kufafanuliwa baadaye, ni kwamba uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Shirika hilohilo limeviweka vipimo vya ER, PR na HER2 kwenye orodha yake ya vipimo muhimu. Kwa maana hiyo, mgonjwa mwenye jina la ugonjwa lakini hana majibu ya protini bado hajakamilisha uchunguzi. Naomba hospitali za kanda na za rufaa za mikoa ziripoti kila robo mwaka kitu kimoja: kati ya waliothibitika kuwa na saratani ya titi, wangapi wana majibu ya protini tatu, na yalitoka baada ya siku ngapi. Takwimu hizo zibandikwe wazi, kama tunavyobandika bei za huduma.

Fedha itoke wapi? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na kanuni na vitita vyake ndivyo vinavyoamua nani atapona kwa vitendo. Kipimo hiki kiandikwe ndani ya kitita cha msingi, kikiwa kimefungwa pamoja na kipimo cha kinyama, kisitenganishwe. Kwa wasio na bima, msamaha unaowabeba wagonjwa wa saratani kwenye kemo na mionzi ushuke mpaka maabara, na karatasi ya ustawi wa jamii iliyomwezesha mgonjwa kuchukuliwa kinyama itoshe kwa slaidi zote zitakazofuata. Tunalipia mionzi, tunalipia kitanda, tunalipia kemo ya pili baada ya ya kwanza kushindwa, halafu tunabana kwenye slaidi tatu ambazo zingetuambia tangu mwanzo tufanye nini.

La mwisho ni la haraka na halihitaji kusubiri bajeti mpya. Nimetaja bloku zilizo kabatini. Bloku ya nta iliyotunzwa vizuri hupimika hata baada ya miaka, hata kama si zote zitatoa majibu ya kuaminika, kwa sababu nilizokwisha eleza. Ndani ya makabati ya patholojia nchini kuna bloku za wanawake waliothibitika kuwa na saratani ya titi mwaka jana na mwaka juzi, ambao majibu yao yaliishia kwenye "inashauriwa". Wengi wao wako hai. Namba zao za simu, au za ndugu zao, ziko kwenye fomu zilizofungwa pamoja na majibu. Agizo moja kutoka kwa Mganga Mkuu wa Serikali, pamoja na vitendanishi vya kuzipima, lingetosha sisi tuzitoe, tuzipime, na kliniki ziwapigie simu wale ambao ER yao itatoka chanya waje wachukue vidonge. Tuanze na walio chini ya miaka miwili tangu wathibitike, hao ndio wenye faida kubwa ya kupata. Mimi na wenzangu tuko tayari kuingia zamu za Jumamosi.

Naomba kuwasilisha.

Mtaalamu wa maabara ya patholojia,
hospitali ya umma, Tanzania Bara